Usiyakoroge Tena

Wewe umewahi kukaa ukayangoja maji machafu yatulie? Mimi nilikuwa sijui kungoja. Nilikuwa nimechoka mno, na mtu aliyechoka hutaka kila kitu kiishe upesi.

Miaka ile ya foleni, sabuni ya mche tukigawana vipande, nilipanga chumba Kariakoo kwa Bi Hind, mjane wa Kiarabu, vidole vyake vimevimba viungo kama tangawizi. Kazi yangu kufua. Wachukuzi wa sokoni waliniletea nguo zilizoiva vumbi la magunia, nami nikizifua uani kwenye karai tangu alfajiri mpaka mgongo ukatae kunyooka. Maji yote nikiyamwaga kwenye shimo la uani. Shimo likajaa, likaanza kutapika hadi kizingitini kwa mwenye nyumba.

Bi Hind akasimama mlangoni na baibui lake lile lile la kila siku, limepauka chumvi ya jasho.

"Kuruthumu, hii nyumba au bwawa la viboko?"

"Nisamehe, Bi Hind."

"Msamaha haukaushi tope. Kuanzia leo hata kikombe kisiingie shimoni. Ijumaa nikikuta maji hapa, uhame."

Nihamie wapi? Na nisipofua, nile nini?

Ndipo nikamkumbuka bibi yangu kwetu Masasi. Alikuwa akiteka maji ya bwawa, mekundu kama udongo wa kukandikia, akiyatuliza kwa mbegu za mlonge. Nikasema, nikiyatuliza haya ya kufulia, nitalowekea nguo nyingine, nitaoshea choo, na shimo litapumua. Nikanunua mbegu kwa muuza dawa sokoni. Nikazimenya maganda yale yenye vijibawa, nikatwanga viini vyeupe kwenye kinu cha vitunguu saumu, nikavikoroga kwenye kikombe cha maji safi, nikachuja kwa kitambaa, nikamimina kwenye pipa nililokusanyia maji ya kufulia.

Hapo nikakosea. Niliyapekecha maji kwa mwiko, kwa nguvu, na kila nikipita napekecha tena, nikidhani nayaharakisha. Hadi jioni yalikuwa bado mazito, meupe. Selina wa chumba cha pili akachungulia.

"Shoga, leo tunapikia tui?"

Sikuwa na nguvu hata ya kumtukana.

Alhamisi nikajaribu tena, mbegu za mwisho. Safari hii Bi Hind alileta kigoda, akaketi mbele ya pipa kama askari. Nikakoroga haraka kidogo dawa ienee, kisha taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Mwiko ukataka kuendelea wenyewe. Bi Hind akanishika mkono.

"Basi. Usiyakoroge tena. Na wewe kaa."

Nikakaa sakafuni. Sikumbuki mara ya mwisho nilikaa lini mchana, jua likiwaka. Uchafu ukaanza kushikana vipande vipande, kama machicha ya nazi, ukazama polepole. Alasiri ilipoadhiniwa, maji ya juu yalikuwa maangavu kabisa. Si maji ya kunywa, la, lakini ya kulowekea yalitosha. Nikayachota kwa kikombe bila kutibua chini. Lile tope lililobaki nikalifukia.

Ijumaa kizingiti kilikuwa kikavu. Nilikuwa nimeinamia karai niliposikia ndara za Bi Hind. Akaweka bunda mbele yangu, limefungwa kwa kanga kuukuu, fundo lenyewe legelege.

"Pamekauka," akasema.

"Ndiyo, Bi Hind. Chumba je?"

"Chumba chako." Hakuondoka. Akavitazama vidole vyake. "Hizo nguo zina mwezi hazijafuliwa. Siwezi kukamua hata leso. Kila siku nasimama pale mlangoni, nafungua mdomo, unatoka ugomvi. Mwenye nyumba amwambie nini mpangaji?"

Nikaitoa mikono majini, nikaifuta kwa kanga.

"Nilikuwa nataka unifulie, mwanangu. Ndicho nilichokuwa nakitaka."