Gia ya Kwanza

Fundi Dunstan alipovuta turubai la pili, kuku aliyekuwa akitaga kwenye kiti cha abiria aliruka akapita katikati yao akipiga kelele, na Romanus hakumtazama. Macho yake yalikuwa bado kwenye gari la kwanza. Lilikuwa jekundu, dogo, halina paa, lina viti viwili vya ngozi na magurudumu ya nyaya nyembamba zilizong'aa hata ndani ya kile kibanda cha mabati. La pili, lililotoka kuvuliwa turubai, lilikuwa la rangi ya kijani iliyofifia, na boneti lake refu lilifungwa kwa mkanda wa ngozi kama sanduku la msafiri. Yote mawili yalikuwa mali ya mzungu mmoja mpima barabara. Jumapili alikuwa akilichukua moja na rafiki yake jingine, wakashindana kutoka Kitai hadi Songea na kuwafunika vumbi waumini waliokuwa wanatoka kanisani. Mwaka ule wa hamsini na nne mkataba wake ulikwisha akarudi kwao, akamwachia Dunstan kazi ya kuyauza.

"Hata kuku amejua lipi lisilo na haraka," alisema Dunstan.

Romanus alitabasamu kidogo. Kwa miaka sita alikuwa ameendesha lori la chama cha wakulima, akibeba kahawa ya watu kutoka Mbinga, mpaka miche yake mwenyewe ilipozaa vizuri akaacha kazi. Sasa alitaka kitu ambacho hakingebeba gunia hata moja. Alitaka gari la Jumamosi alasiri na Jumapili baada ya misa, basi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano, na tangu azaliwe hajawahi kumiliki kitu kisicho na kazi. Jambo hilo alilionea haya kiasi kwamba hata mkewe, Hildegardi, alimwambia tu kuwa anakwenda Kitai kutazama mashine.

Waliyajaribu yote mawili kwenye mlima ulio nyuma ya kituo. Jekundu lilipanda kana kwamba mlima umelainishwa, na Romanus alisikia mgongo wake ukibanwa kitini, akacheka peke yake kama mwehu. La kijani lilinguruma, likavuta pumzi, likafika juu kwa wakati wake. Romanus aliposhuka alikuwa amekwisha kuchagua.

"Ninyi watu wa milimani mna taabu," alisema Dunstan, ambaye kwao ni Lipingo, huko ziwani. "Gari mnalipima kwa kupanda tu. Likipanda vizuri, mmeridhika. Hakuna anayeuliza mengine."

"Mengine yapi?"

"Sijui. Wewe ndiye mnunuzi." Dunstan alijifuta mikono kwa kitambaa. "Chukua hili Jumamosi hii, lile Jumamosi ijayo, kaa nalo nyumbani kwako. Kuna kijana wa duka moja Songea naye anataka. Utakaloacha wewe, yeye atalichukua. Nipe jibu Jumatatu inayofuata."

Romanus alifika na gari jekundu nyumbani kwake Mbinga siku ya Ijumaa, saa ambayo wanawake walikuwa wakigeuza kahawa kwenye mikeka. Wote waliacha kazi wakasogea. Hildegardi alilizunguka mara moja, akauliza watoto watakaa wapi, na alipokosa jibu akarudi kwenye kahawa yake. Aliyebaki ni Mzee Flaviani, baba yake Romanus. Aliuweka mkono wake juu ya boneti lililokuwa bado na joto.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hili linakwenda sana?"

"Linakwenda, baba. Songea ni saa moja na nusu tu."

"Na polepole linakwenda?"

Romanus alidhani mzee anaogopa, akamhakikishia kwamba ataendesha kwa adabu. Mzee Flaviani aliutoa mkono kwenye boneti, akautazama, kisha akasema, "Kesho nipeleke njia ya Mbamba Bay."

Romanus alishangaa. Baba yake hakuwa ameshuka njia ile tangu Romanus apate akili. Harusi za huko alituma wawakilishi. Hata askofu alipopokelewa pwani ya ziwa na Mbinga nzima ikashuka, yeye alibaki akilaza nyasi shambani kwa ajili ya ngolo, yale mashimo ya kuzuia udongo usiteremke na mvua, akisema mvua haimngojei askofu. Watu walimwita mkaidi. Romanus mwenyewe alimwita hivyo, moyoni.

Waliondoka asubuhi. Njiani mzee alikaa wima, ameshika fimbo yake kati ya magoti, mpaka ziwa lilipoonekana chini, la buluu na pana mno. Walipomaliza kushuka mlima, kabla ya kuzifikia nyumba za Mbamba Bay, aligusa mkono wa mwanawe.

"Simama hapa. Geuza gari."

Romanus aligeuza. Baba yake alishuka, akavua viatu, akaviweka kwenye kiti.

"Nataka kupanda kwa miguu mpaka juu. Wewe nifuate nyuma."

"Baba, mlima huu?"

"Niliupanda na mzigo kichwani. Wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, meli zilileta mizigo hapa, sisi tukaipandisha Songea. Mimi na mdogo wangu Pankras. Walituchukua siku moja, kutoka shamba moja."

Jina hilo Romanus alilijua kutoka kwenye sala za familia tu. Kila Novemba liliombewa pamoja na marehemu wengine, na hakuna aliyewahi kueleza zaidi.

"Safari ya nne alianza kuhara damu," aliendelea mzee. "Akaanguka katikati ya mlima. Nyapara alisema, mwacheni, wa nyuma watamchukua. Mstari ulikuwa mrefu, watu mia na zaidi. Nikaendelea. Jioni nilimngoja wa mwisho kabisa. Nikamuuliza. Akaniambia alimwona, ila alidhani kuna watu nyuma yake." Alikaza fimbo mkononi. "Sijapanda tena mlima huu. Leo nataka nipande, na nyuma yangu awepo mtu. Ni hilo tu."

Akaanza kutembea.

Romanus aliingiza gia ya kwanza akaachia klachi taratibu, na gari likaruka mbele likakaribia visigino vya mzee. Alikanyaga breki, injini ikazima. Akawasha tena. Kila alipojaribu kulifanya litembee mwendo wa mtu mzima mwenye fimbo, lilitetemeka, likazima, au likaruka. Klachi ilianza kutoa harufu ya kuungua. Mwishowe alimpita baba yake, akaenda kumngoja kwenye kona, akidhani ni afadhali. Mzee alitokea dakika nyingi baadaye akiwa amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Nilisema nyuma," alisema, na hakuinua sauti.

Romanus alijaribu tena. Sindano ya joto ilipanda, mvuke ukatoka kwenye rejeta, na gari likakataa kabisa. Romanus alilitazama lile boneti jekundu likifuka, akamtazama baba yake anayepotelea kwenye kona, na hapo alifanya jambo ambalo hakujisamehe kwa muda mrefu. Alibaki na gari. Alijiambia kuwa ni mali ya mtu, kwamba wapita njia wataiba vifaa, kwamba itachukua muda mfupi tu kupoa. Aliteremka kutafuta maji, akarudi, akamimina, akasubiri.

Alimkuta baba yake kona tatu mbele, ameketi ukingoni mwa barabara, miguu imenyooshwa.

"Niligeuka," alisema mzee. "Hukuwepo."

Romanus alimwinua, akamweka kitini, akamvalisha viatu. Gari, lililokwisha kupoa, lilipanda mlima kwa nguvu ileile ya Kitai, upepo ukawapiga usoni, na Romanus, pamoja na yote yaliyotokea, alisikia mwili wake ukifurahi. Aliona aibu kuliko siku zote za maisha yake.

Wiki ile alivuna kahawa, akaenda misa, akalirudisha gari jekundu, na bado alilitaka. Alilitaka hata alipokuwa akichukua funguo za lile la kijani. Kama Dunstan angemshinikiza kidogo siku hiyo, angelinunua palepale. Badala yake alimuuliza fundi swali ambalo hajawahi kumsikia mtu akimuuliza muuza gari.

"Hili linaweza kwenda mwendo wa mzee anayetembea? Mlimani, saa nzima?"

Dunstan alifikiri. "Gia yake ya kwanza iko chini sana. Zamani waliyatengeneza hivyo. Litakwenda hata mwendo wa msiba." Alimtazama Romanus usoni, akaona kitu, asiendelee na utani.

Jumamosi hiyo Mzee Flaviani hakuombwa. Alikuwa amekwisha kaa kwenye benchi nje tangu jua linachomoza, fimbo mkononi. Walishuka, wakageuza palepale, viatu vikawekwa kitini. Romanus aliingiza gia, na gari la kijani likaanza kusogea kwa mngurumo mzito usiobadilika, hatua ishirini nyuma ya mzee. Halikuruka wala kuzima. Mguu wa Romanus ulikuwa hauna kazi. Alichofanya ni kushika usukani na kuzitazama zile nyayo mbili za baba yake, nyeupe kwa vumbi, zikiinuka na kushuka.

Hakuwahi kumtazama baba yake muda mrefu namna ile. Aliona bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Aliona jinsi shingo ilivyokaa ngumu, imenyooka, shingo ya mtu aliyezoea kubeba, ambayo yeye na ndugu zake waliichukulia kuwa ni kiburi. Mara tatu mzee aligeuka. Mara tatu alilikuta gari pale pale nyuma yake, akaendelea.

Zaidi ya nusu ya mlima, mahali kijito kinapopita chini ya barabara ndani ya bomba la zege, alisimama. Romanus naye akasimama, akazima injini. Mzee alitoka barabarani akashuka hatua chache kwenye nyasi, akatafuta kwa macho huku na huku.

"Kulikuwa na jiwe hapa. Wamelipasua," alisema. "Lakini maji ni haya."

Romanus alishuka akasimama karibu naye.

"Mama yako alikufa hajui nitakayokwambia," alisema Mzee Flaviani. "Pankras hakuwa amekufa. Alikuwa anaongea. Aliniambia, kaka, baridi. Serikali ilimpa kila mpagazi blanketi moja. Lake nilikuwa nimemfunika. Nyapara alipopiga filimbi nililifunua nikalichukua. Nilisema moyoni, wa nyuma watamchukua, watampa jingine." Aliinama akagusa maji. "Lilikuwa blanketi zuri. Lilikaa miaka mingi. Wewe ulibebwa ndani yake."

Maji yalipita ndani ya bomba. Romanus alitaka kusema kwamba ilikuwa vita, kwamba alikuwa kijana, kwamba nyapara angempiga. Maneno yote hayo yalifika mdomoni, na yote aliyaona ni ya mtu anayetaka jambo liishe haraka. Akavua kofia. Alilia bila kuficha, kwa ajili ya yule kijana ambaye hakumjua na kwa ajili ya huyu mzee aliyemjua vibaya, na baba yake alimwacha alie.

Baadaye mzee alijishika kwenye bega lake, wakapanda barabarani.

"Ingia garini, baba. Umechoka."

"Bado juu."

Akaanza tena kutembea. Romanus aliwasha injini akaingiza gia ya kwanza. Walikuwa wamepita kona moja tu aliposikia honi nyuma yake. Lori lenye magunia ya usipa, dagaa wa ziwa lile, lilikuwa limemfikia kutoka Mbamba Bay. Dereva alipiga honi mara ya pili, ndefu, akatoa kichwa dirishani.

"Bwana, gari la mbio hilo linakwenda hivyo? Lina ugonjwa gani? Nipishe."

Barabara pale ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde. Mbele, Mzee Flaviani alikuwa katikati ya njia na hakugeuka. Romanus alitoa mkono nje, akaufungua kiganja kumwelekea mwenye lori, na akaushikilia hapo. Honi ilinyamaza. Akasikia lori nalo likishuka gia, likapokea mwendo wa mzee, wakapanda.