Mwito wa Tatu

Usingizi hauna haya. Humjia hata mtu aliyeapa kwamba hatalala. Unamjia Nakijwa akiwa ameketi ndani ya hema, magoti kifuani, mgongo umeegemea mabegi mawili ya safari, lake na la Mwanakombo, na nje maporomoko yananguruma vilevile kama yalivyonguruma walipofika saa tisa. Wanaume wawili wa kijijini waliosikia mayowe yake wamekwisha kuteremka kutafuta kamba na watu. Wamemwambia, Mama, wewe kaa hapa, giza hili litakumeza na wewe, tutarudi kukipambazuka. Kwa hiyo amekaa. Mwanakombo, mwalimu mwenzake na rafiki yake wa miaka kumi na tisa, alishuka jioni kwenye bwawa lililo chini ya maporomoko kuosha sufuria. Akaita, Nakijwa. Akaita tena, Nakijwa. Naye Nakijwa, aliyekuwa akichochea moto hatua mia moja kutoka hapo, alinyamaza. Huko milimani alikozaliwa mtoto hufundishwa kwamba msituni mwito wa kwanza ni wa msitu, wa pili ni wa mwangwi, na ni binadamu peke yake aitaye mara tatu. Aitikaye kabla ya hapo hupelekwa kusikorudi mtu. Akangoja mwito wa tatu. Alipochoka kungoja aliteremka, akakuta sufuria imekwama baina ya mawe, na kandambili moja.

Sasa kope zinakutana, na pale zinapokutana pana njia, naye yumo ndani yake. Ni njia ileile waliyoipanda asubuhi, yenye mizizi na utelezi, ila sasa haipandi wala haishuki. Inazunguka, inajizungusha, na kila akatapo kona anauona mgongo wa Mwanakombo mbele yake, begi la buluu, taulo likining'inia, na sauti ya pwani ikimtania kama ilivyomtania asubuhi: Nyinyi watu wa milimani mnapanda kama mbuzi na kuzungumza kama mawe. Nakijwa anajibu kama alivyojibu: Na nyinyi wa pwani mkikwea kichuguu tu mnaomba kiti. Kicheko, kisha kona, na mgongo haupo. Kona nyingine, na mgongo upo, mdogo zaidi, kisha kona, kisha kona, mpaka njia inamtema kwenye mji uliojengwa juu ya maji matulivu. Kila nyumba ina pacha wake aliyepinduliwa chini yake, na watu wa chini wanatembea nyayo kwa nyayo na watu wa juu, wala hawasalimiani. Langoni amesimama mtu asiye na uso. Mahali pa uso ni laini kama jiwe lililolambwa na mto. Tafadhali, ndugu yangu, anasema Nakijwa, namtafuta mwenzangu, ameshuka bwawani. Mtu yule anasema, Kitendawili. Nakijwa anajua kwamba hapiti bila kujibu. Tega, anasema. Chaanguka mchana kutwa na usiku kucha, na hakijavunjika. Maporomoko, anasema Nakijwa. Umekosa, nipe mji. Ndiyo ada, hata watoto waijua: aliyeshindwa hutoa mji. Nakijwa anampa shule yao, yote, na uwanja wake. Nimekwenda shuleni kwenu, anasema asiye na uso, nimekuta madaftari yamefumbwa na kengele haina ulimi. Jibu ni jina lililoitwa lisiitikiwe. Papo hapo madirisha ya shule yanazimika moja baada ya jingine ndani ya maji, na Nakijwa hakumbuki tena milango yake ilipakwa rangi gani.

Njia inamchukua tena, na mji wa pili ni kama wa kwanza, na langoni yupo yuleyule au mwingine, kwani ni nani awezaye kuwatofautisha wawili wasio na nyuso. Kitendawili. Tega. Karibu hasikii, mbali asikia. Kiziwi, anasema Nakijwa, kisha anasema, Mwangwi. Umekosa. Nipe mji. Anatoa kwao, mlima mzima, pamoja na jiko la mama yake. Nimekwenda kwenu, nimemkuta mama yako ameketi kando ya moto akiuogopa msitu kama alivyoogopeshwa na mama yake. Jibu ni mwoga. Na mlima unazama kimya kimya, moshi wake mwisho. Mji wa tatu hauna watu, si juu wala chini, ila asiye na uso langoni. Kitendawili. Sina mji tena, anasema Nakijwa. Itikia kwanza, ndipo useme huna. Tega. Ana miguu mizima na masikio mazima, kaitwa mara mbili, kangoja ya tatu. Nakijwa anayatazama maji, na maji hayamrudishii uso wowote. Ni mimi, anasema. Umepata. Basi nipe wewe mji, nipe mmoja tu kati ya niliyokupa. Huku aliyepata hapewi kitu, anasema asiye na uso, hupishwa tu.

Anapishwa. Mwanakombo ameketi juu ya jiwe katikati ya bwawa, anasugua sufuria kwa mchanga. Umekawia, anasema. Nilikuita. Nilisikia, anasema Nakijwa. Ulisikia? Zote mbili. Mwanakombo anasugua, anasugua. Mguu ulikuwa umebanwa na mawe, anasema, na maji yamefika hapa, anaonyesha kidevu. Nikasema, Nakijwa yupo, mzito huyu, lakini huja. Nilikuwa nangoja uite mara ya tatu. Kwa pumzi ipi, bibi wee? Anasema bila hasira, na hilo ndilo linalomkata Nakijwa maini, kwa kuwa hasira huombewa radhi. Ananyoosha mkono, na mkono anaoushika ni baridi na mzito mno, wanapanda, wanateleza, wanapanda, wala hajui ni yeye avutaye au avutwaye.

Anafumbua macho. Hema limejaa mwanga wa kijivu. Mwanakombo ameketi karibu na mlango, amejitanda khanga, anakoroga chai. Umenikesheza, anasema, usiku kucha wapiga kelele kama mwari. Nywele zake zimelowa. Lakini hapa manyunyu ya maporomoko humlowesha kila mtu, na za Nakijwa pia zimelowa. Jana jioni ulishuka bwawani? anauliza Nakijwa. Tulishuka sote, mwenzangu. Nakijwa anataka kumgusa, na mkono wake haukubali kunyanyuka. Nje pana vishindo vya miguu na watu wanaohema. Hodi hapo. Nakijwa anafungua mlango wa hema. Ni wanaume wanne, kamba zimeviringwa mabegani mwao, suruali zimelowa umande hadi magotini. Shikamoo, mama, anasema aliye mkubwa wao. Utuwie radhi, sisi wengine tumeambiwa nusunusu tu: mlikuja wangapi? Nyuma yake kijiko kinaacha kukoroga. Wawili, anasema Nakijwa, papo kwa papo, wala hageuzi shingo. Wanaume wanatazama ndani ya hema kupitia bega lake, wanaona mabegi mawili na hakuna mtu, kisha yule mkubwa wao anavua kofia.