Chumvi Mfukoni mwa Zadock

Sauti ya Ochola ilifika wodini kabla ya Ochola mwenyewe. Ilipanda ngazi kwa kishindo, ikagonga kuta za ukumbi, ikapenya pazia la chumba cha wagonjwa mahututi:

"Chumvi! Ati chumvi! Kwani ndugu yangu ni samaki?"

Milcah, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda cha mumewe, alifumba macho. Shemeji alikuwa ameipata habari.

Zadock, fundi wa mapaa, alikuwa ameteleza kwenye mabati ya nyumba moja kule Muthangari na kuangukia kichwa. Sasa alilala katika hospitali hii ya katikati ya jiji, mashine ikimpumulia, ubongo wake umevimba ndani ya fuvu lisilojua kutanuka. Asubuhi hiyo Daktari Mwongeli alikuwa amemweleza Milcah kwamba watampa maji ya chumvi kali kupitia mshipa mkubwa wa shingoni. Milcah akampigia Ochola simu, akamwambia hivyo hivyo, bila kupamba. Hapo ndipo alipokosea.

Kwa maana katika familia hii chumvi haikuwa jambo la mchezo. Tangu kliniki ya Riruta iseme Zadock ana presha, Milcah aliifukuza chumvi jikoni kama anayefukuza mwizi. Sukuma bila chumvi. Samaki bila chumvi. Hata mayai! Zadock alikula akitazama dari. Na kila Jumapili Ochola, kaka yake mkubwa, alikuja kula akiwa na kijipakiti cha chumvi mfukoni, akampitishia mdogo wake chini ya meza kama mtu anayetoa hongo. Leo wakili wa chumvi ndiye aliyekuja kuishtaki.

"Shem, na wewe umekaa tu?" Ochola alisimama penye pazia, kofia mkononi, jasho usoni. "Wewe uliyetunyima chumvi miaka yote, leo unawaacha wamjaze nayo kwa shingo? Hawa dawa zimewaishia! Nimeita ambulensi, iko hapo chini. Tunamhamisha."

Swali hilo hilo lilikuwa limemkeketa Milcah tangu asubuhi. Ochola akiwa na haki, basi yeye ameketi hapa akimtazama mumewe akiuawa. Akiwa hana haki, ambulensi ndiyo itakayomuua.

Daktari Mwongeli aliingia, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka.

"Karibu, mzee. Sauti yako imenifikia nikiwa ghorofa ya chini. Huyu akitolewa saa hii, safari inaweza kummaliza. Lakini kwanza niambie, kwenu nani hukata kachumbari?"

Ochola aliinua kidevu. Kwa kachumbari hakujua unyenyekevu. "Ni mimi. Uliza Riruta yote."

"Kitunguu unakifanya nini?"

"Nakinyunyizia chumvi, lazima. Nakiacha kidogo."

"Halafu?"

"Halafu kinatoa maji. Kinalegea, kina..." Ochola akakwama.

"Malizia, shemeji," Milcah alisema.

"Kinanywea," alisema Ochola, kwa sauti ambayo hakuna mtu Riruta aliyewahi kuisikia ikitoka kwake.

"Ubongo wake umejaa maji," daktari alisema. "Chumvi ikizidi kwenye damu, inayavuta yale maji yatoke kwenye ubongo. Figo zinayatoa nje. Hatumwagi ovyo. Tunapima damu yake kila baada ya muda, kwa sababu chumvi ikipita kiasi ina madhara yake. Na presha yake iko pale kwenye skrini, tunaiona. Siwezi kuapa kwamba ataamka. Ila nafasi yake ni hii."

"Lakini daktari, ndugu yangu si kitunguu."

"Si kitunguu. Kitunguu hakina mke wa kukiamulia."

Wote wawili wakamgeukia Milcah. Akautazama uso wa Zadock, uliovimba, uliotulia, uso wa mtu ambaye yeye mwenyewe alimnyima chumvi katika kila sahani. Kisha akasimama.

"Shemeji, teremka uwaambie wa ambulensi warudi. Mume wangu hatoki. Chumvi iingie!"

Hakuwahi kudhani maneno hayo yangetoka kinywani mwake.

Jioni daktari alirudi na tochi ndogo. Mboni ya jicho la kushoto, iliyokuwa imepanuka kama kifungo cha koti, ilipigwa na mwanga ikajikunja, ikawa ndogo kama mwenzake. Daktari akapima tena, akatabasamu. "Imeitika."

"Haleluya!" Ochola akalipuka.

"Mzee, hapa kuna wagonjwa!" Sista Kasiva, muuguzi wa zamu, alimkemea.

"Hata mimi ni mgonjwa, sista! Nimeshikwa na furaha, nitibu!"

Akatolewa nje, akaendelea kuimba ngazini.

Uvimbe ulishuka polepole. Dawa za usingizi zikapunguzwa, bomba la pumzi likatolewa, na siku moja Zadock akafumbua macho na kuyaacha wazi. Siku walipomruhusu kula, Milcah alileta viazi vilivyopondwa kwa supu ya kuku. Sista Kasiva akamlisha kijiko kimoja. Zadock akameza taratibu. Akakunja uso.

"Mama Shiru," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Umepika wewe?"

"Ni mimi, Baba Shiru."

"Nimejua. Hakuna chumvi."

Ochola aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika, na hakuna aliyemuuliza kama ni kicheko au ni machozi. Milcah alicheka mpaka akashika kitanda. Kisha akatia mkono kwenye mkoba, akatoa kipande cha gazeti kilichosokotwa, alichokikuta mfukoni mwa suruali ya kazi ya mumewe. Akakifungua. Ndani kulikuwa na chumvi.

"Na hii ni ya nani?"

Zadock akamtazama Ochola. Ochola akatazama dari.

Milcah akainama mpaka sikioni mwa mumewe, lakini akasema kwa sauti, wodi nzima isikie.

"Siku utakayopanda ngazi zetu za Riruta kwa miguu yako mwenyewe, nitakukaangia samaki, na chumvi nitaitia mimi, kwa mkono wangu."

"Kijiko?"

"Baba Shiru!"

"Nusu kijiko."

"Ile inayoshikika kwa vidole viwili, haizidi. Naahidi, na Ochola ni shahidi."