Makosa Ishirini ya Glenys

Wivu ulimwingia Glenys Aitken siku ile Fergus, mkuu wao, aliposimama nyuma ya kiti cha Tamahou Pirini na kupaza sauti: "Bwana mdogo, wewe moto wa kuotea mbali!"

Glenys alikuwa na miaka tisa katika ofisi yao ya mjini Invercargill. Kazi yake ilikuwa kuijaribu programu inayowapa wafugaji kipimo cha dawa ya minyoo kulingana na uzito wa kondoo. Tamahou alikuwa na miezi mitatu. Ijumaa, kwenye chai ya saa nne, Fergus angemtaja kiongozi wa majaribio.

Majaribio mia tatu ya Tamahou yalitoka kijani yote, rangi ya kufaulu. Glenys hakuamini. Kila jaribio hulinganisha jibu la programu na jibu sahihi. Hayo majibu sahihi kayapata wapi upesi hivyo? Bila shaka aliyanakili kutoka kwenye programu yenyewe. Huko ni kumwuliza mwizi kama ameiba.

Alhamisi Glenys alichukua nakala ya programu akaiharibu makusudi, kosa moja baada ya jingine. Palipozidishwa, akagawanya. Kilo hamsini akazifanya hamsini na moja. Kila mara aliendesha majaribio ya Tamahou, akiomba yabaki kijani. Kila mara yaligeuka mekundu, ishara ya kosa. Makosa ishirini, yakanaswa yote ishirini.

Ili ajipoze moyo, akaendesha majaribio yake mwenyewe. Yalinasa kumi na saba. Matatu yaliyoponyoka yalikuwa ya wanakondoo: kipimo kiliongezeka maradufu, na majaribio yake yakakubali, kwa sababu yaliangalia tu kama jibu limetoka.

Aliandika matokeo ya Tamahou, kisha yake. Akafuta yake. Programu ingefika mashambani Jumatatu. Akayaandika tena, akibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

"Mbona umenuna, Glenys?" Fergus aliuliza Ijumaa, mdomo umejaa mkate wa jibini. "Jino?"

"Nimetega makosa ishirini. Tamahou kanasa yote. Mimi kumi na saba. Ya wanakondoo yamenipita, kwa hiyo Jumatatu isahauni."

Fergus alimeza.

"Basi umenirahisishia. Tamahou, uongozi wa majaribio ni wako. Anza na wanakondoo."

"Dada Glenys," Tamahou alisema, masikio yamemwiva kwa haya, "mimi ningekuwa wewe, ningejificha chooni."

"Usinibembeleze. Majibu sahihi uliyatoa wapi?"

"Nilipiga hesabu kwa mkono, jioni, nyumbani. Daktari wa mifugo akazikagua. Daftari hili hapa."

Glenys alilipokea, akaenda nalo mezani kwake. Mwandiko ulikuwa safi, na hilo nalo lilimuudhi. Alitafuta kosa kwenye ukurasa wa kwanza, mstari kwa mstari, kidole kikifuata tarakimu. Hakuliona. Akafunua wa pili.