Adabu za Kisu

Miraji alikuwa mchinjaji hodari pale Maramba, na kwa kujisifu hakuwa na mpinzani. Ndiyo maana wageni walipouliza ndani ya zizi la machinjio ni nani anayeijua kazi ile, aliinua mkono kabla wenzake hawajameza mate. Hasina, binti yake wa pekee, alimvuta shati. Wapi! Mdomo wa Miraji haukuwa na breki.

Wageni wenyewe walishuka juzi kutoka huko juu angani, warefu, wembamba, nyuso zao hazisomeki. Siku ya kwanza waliwakata shingo askari wote waliowafyatulia risasi, na damu ikatiririka mtaroni hadi barabarani. Leo walikuwa wanahukumu, na swali lao lilikuwa moja tu: mliwafanya nini wanyama?

Eliudi, muuza kitimoto, ndiye aliyetangulia.

"Mimi nagonga nguruwe kwa nyundo, basi," alisema. "Hakuna aliyenifundisha vingine."

Wakamvunja mkono kwa nyundo yake mwenyewe, mfupa ukatokeza nje. Kisha wakamfungulia lango. Alikimbia akilia, lakini alikuwa hai.

Miraji akaona kama asiyejua kitu ameachiwa, yeye atasindikizwa kwa heshima. Akakohoa, akayapanga maneno kama yuko mbele ya shekhe.

"Sisi tuna adabu zetu, waheshimiwa. Kisu kiwe kikali. Mnyama apewe maji kwanza. Kisu kisinolewe mbele yake. Wala mwenzake asichinjwe yeye akiona."

"Unazijua tangu lini?" mgeni mmoja aliuliza.

"Tangu utotoni. Nazijua zote kwa moyo!"

Mgeni akaweka kiganja kwenye paji la ng'ombe mwekundu aliyefungwa pembeni, akatulia kama anayesikiliza.

"Huyu hajanywa maji tangu aletwe," alisema. "Ameona wanne wakichinjwa. Wa mwisho alikuwa ndama wake. Kisu kilikuwa butu, ukakirudisha shingoni mara saba, huku unacheka na mtu kwenye simu."

Ilikuwa kweli tupu. Miraji alizifuata adabu siku ya mkaguzi tu; siku nyingine zote alikuwa na haraka, mabucha yanangoja. Angenyamaza tu, mjinga yule, angetoka na mkono uliovunjika!

"Kula nyama hatuwakatazi," mgeni alisema. "Yule wa nyundo hakujua. Wewe ulijua."

Wakamfunga miguu, wakamlaza ubavu kwenye sakafu yenye damu. Mgeni alikiokota kisu kile kile cha Miraji, akakisugua mara moja tu kwenye kinoo, mbele ya macho yake. Kisha wakamleta Hasina, wakamlaza mkabala na baba yake.

"Anzeni na mimi!" Miraji alipiga yowe. "Huyu hajawahi hata kushika kisu! Jamani, mimi kwanza!"

Mgeni alimtazama ng'ombe, kisha akamtazama yeye.

"Hata huyu aliomba hivyo," alisema, akakiinua kidevu cha Hasina.

Kisu kilipita mara ya kwanza, na mara ya pili, na mshipa ulikuwa bado haujakatika. Miraji alikuwa akilia kwa sauti, akiwasihi wampe binti yake maji, maji tu, japo tone moja.