Wanakondoo wa Bingwa

Sokoni walimwita Bingwa, maana hakuna mfugaji aliyenenepesha wanakondoo kama yeye. Wakimuuliza siri, alicheka tu: "Lisha vizuri, ndugu yangu. Pumba, mashudu, chumvi ya madini. Basi!"

Hakutaja vidonge vya homoni, vidogo kama punje za mtama, alivyovipachika chini ya ngozi ya masikio ya wanakondoo wake. Sifa zilikuwa tamu, naye alishazizoea.

Dada yake mkubwa, mjane aliyemlea tangu mama yao alipofariki, naye akaanza kufuga. Alifuata maneno ya mdogo wake neno kwa neno. Wanakondoo wake walikua, ila polepole, kama wa watu wengine. Kila alipotazama wa Bingwa, alijiona mzembe. "Huenda nawabania chakula," akasema, akaongeza pumba. Baadaye akaongeza tena.

Asubuhi moja alimpigia Bingwa simu huku analia. Bingwa alipofika zizini, alikuta wanakondoo watatu wamekufa, matumbo yamevimba. Wa nne alikuwa akisaga meno kwa maumivu. Daktari wa mifugo, aliyekuwa amepiga magoti kando yake, aliinuka.

"Pumba imezidi, imechachuka tumboni. Nani alikushauri uwalishe hivi?"

"Hakuna, daktari," dada akadakia. "Mdogo wangu alinifundisha vizuri. Ni mimi tu, kichwa changu kizito."

Bingwa alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Dada, hukukosea," akasema, macho chini. "Wangu hawanenepi kwa pumba peke yake. Nawawekea homoni. Nilikuficha."

Daktari akageukia begi lake, akajifanya anatafuta kitu.

"Ulinificha hata mimi?"

"Hata wewe."

"Na mimi nilivyokuwa nikitamba kwa majirani kwamba mdogo wangu ana mkono wa baraka!"

Hakupaza sauti. Heri angemtukana. Alichukua jembe akaanza kuchimba shimo nyuma ya zizi. Bingwa aliponyoosha mkono kumpokea, hakumpa. Ikabidi akaazime jembe kwa jirani, na jirani akamuuliza la nini. Akamweleza yote, masikio yanamwaka, kisha akarudi kuchimba. Wakawafukia wanakondoo waliokufa.

Siku hizi dada humkaribisha chai kama zamani, na hucheka naye. Ila akiwa na swali la mifugo, hata Bingwa akiwa ameketi mbele yake, huchukua simu akampigia daktari.