Ndizi za Bure kwa Urbanus

Kabla hajaugua, mume wangu Urbanus alikuwa na mkono wa birika, na Kilema nzima, huku kwetu Uchaggani, inajua. Ukimwomba chumvi atakuuliza ile ya juzi umeipeleka wapi. Mimi nimeishi naye na kumzalia, nina haki ya kusema.

Kiharusi kilimkuta kwenye shamba la kahawa wakati wa masika, mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi. Mguu wa kulia ulirudi mapema, ukiburuta kidogo. Mkono wa kulia ukabaki umelala kifuani, na yeye hakulilia kitu kingine isipokuwa mbuzi wa Krismasi. Kwetu mkubwa wa ukoo ndiye anayekata nyama watoto wakirudi kutoka Dar na Arusha, na kila mtu anapewa fungu lake kwa mkono wa kulia. Ukimpa mtu kwa kushoto umemtukana. Na kisu kikishahamia kwa mwingine hakirudi tena. Mdogo wake, Melkior, alikuwa ameanza kuja kutusalimia zaidi ya kawaida yake.

"Kaka, wewe pumzika tu," alisema. "Mambo ya mbuzi utuachie sisi."

Nilitamani kummwagia uji.

Nikaamua nitamtibu mwenyewe. Kila nilipopika mbege, pombe yetu ya ndizi, nilimketisha jikoni, nikautia ule mkono kwenye ndizi zilizochemshwa, nikamwambia akamue. Mwanamume wa Kichagga kukamua mbege! Alifunga mlango watu wasimwone. Lakini vidole vikaanza kushika, na kahawa ilipoiva alikuwa akikamata mwiko humnyang'anyi. Nikajisifu kijiji kizima.

Tukateremka Moshi mjini kwa Nisreen, binti wa Kihindi aliyekuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Akatuamkia vizuri, kisha akampa Urbanus kikombe. Urbanus akakishika barabara.

"Vizuri sana, baba. Sasa nipe."

Kikombe hakikutoka. Urbanus alikunja uso, jasho likamtoka, mwisho akavibandua vidole kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto.

"Mama, kushika anajua," Nisreen alisema kwa upole. "Kwa wagonjwa wa kiharusi kazi ni kuachia. Ukizidi kumkamulisha, mkono unazidi kujifunga. Kila siku awe anampa mtu kitu."

Njia nzima mpaka Himo nilihesabu majuma kwa vidole. Niliogopa, maana Desemba ilikuwa inabisha hodi.

Kesho yake nikamweka kwenye kiti kando ya njia, mkungu wa ndizi mbivu pembeni. Kila apitaye apewe ndizi, bure.

"Bure?" aliuliza, utafikiri nimemtukania mama yake.

Mwanzoni watu walidhani ni mtego. Mwalimu wa shule alishika ncha moja, Urbanus ncha nyingine, wakang'ang'aniana hadi ndizi ikapondeka. Wengine walipita mara mbili kwa makusudi, Urbanus akawaona, akawapa huku ananung'unika. Taratibu tukajifunza wote: usipovuta, ukangoja, vidole vinafunguka vyenyewe. Na mzee akaipenda ile kazi. Njia ikiwa tupu alikuwa anaita watu walio mashambani.

Siku ya Krismasi Melkior alikuja na kisu chake, amekinoa. Urbanus hakumtazama. Alikata kwa kushoto, binti yetu Aika akimshikia nyama, kisha kila fungu akalihamishia kulia na kulitoa. Hakuna aliyevuta. Walisimama na viganja wazi wakangoja, maana wote walishapita njiani wakala zile ndizi, hata waliotoka Dar na Arusha. Melkior naye alingoja, akapewa, akasema asante kaka, akarudisha kisu chake kwenye koti. Nilifurahi nusura nipige vigelegele.

Kilibaki kidari, na hicho ni cha mkubwa mwenyewe. Urbanus alikinyanyua, akanigeukia.

"Mama Aika."

Kwetu sikuwahi kuona mwanamke akipewa kidari. Nilikinga viganja vyote viwili. Vidole vikagoma. Nikangoja, na ukoo mzima ukangoja.

"Mkono wa birika umerudi!" Melkior akasema.

Watu wakaangua kicheko, na Urbanus mwenyewe akacheka hadi mabega yakalegea. Hapo mkono ukafunguka. Kidari kikaniangukia viganjani, cha moto bado, na nikalia mbele ya wote bila aibu.

Nilikila peke yangu. Aliyeniomba nilimwambia aende njiani, kule zipo ndizi.